Ndevu Zangu na Mhina wa Mama Fatuma

Leo nimejiaibisha, na wa kulaumiwa ni mimi tu.

Babake Naliaka, mchumba wangu, alikuwa amesema waziwazi kwamba binti yake haolewi na mzee. Nina miaka thelathini na nane jamani! Shida ni ndevu, zimeota mvi kabla ya kichwa. Na leo mchana nilikuwa nimealikwa kwao Umoja, anione kwa mara ya kwanza.

Kwa hivyo asubuhi na mapema nikamgongea jirani yangu hapa Majengo, Mama Fatuma. Ana mhina mlangoni, kichaka cha hina chenye maua madogo meupe. Alikitoa Malindi kikiwa kijiti, sasa kimejaa pipa zima. Akanichumia majani, akaniambia niyatwange, nitie ndimu, nipake ndevu kwa masaa mawili. Akaongeza nisiguse kwa mkono, nitumie kijiko. (Mimi ni Mbukusu. Kijiko cha nini na vidole ninavyo?)

Nikakanda kama unga wa chapati, mikono yote miwili. Nikapaka, nikangoja, nikaosha. Wacha niwaambie, ndevu zilitoka safi! Kahawia, mvi hakuna.

Viganja vilikuwa na rangi ya chungwa kidogo. Nikasugua na sabuni, nikasema itaisha njiani. Kumbe hina huzidi kukolea kadiri siku inavyoenda. Kufika Umoja, viganja vilikuwa vyekundu kama matofali.

Nikamsalimia mzee kwa kuinama, mikono nyuma. Alipenda hiyo heshima. Tukaongea vizuri, hata akashangaa nani alimwambia mimi ni mzee. Moyo ukatulia.

Halafu ugali na kuku vikaletwa, na shangazi yake Naliaka akaja na jagi na beseni ninawe.

Nikasema nimeshiba. Kwa Wabukusu, kukataa kuku! Wote wakaniangalia. Ikabidi nitoe mikono.

Shangazi akaacha kumwaga maji. Mzee akavaa miwani, akakagua kiganja kimoja, kisha cha pili.

"Mimi niliambiwa naletewa mzee," akasema. "Hakuna aliyeniambia naletewa bibi harusi."

Naliaka alicheka mpaka akatoka nje. Nikaeleza yote, ndevu, kijiko, mhina. Mzee akaendelea kula. Wakati wa kuondoka akanisindikiza hadi kwa geti, akasema nije na wazee wa kwetu. Kisha akapapasa kidevu chake cheupe, akaniuliza polepole kama Mama Fatuma bado ana majani.

Nimekubaliwa, ndiyo. Lakini wiki nzima nitasalimia watu kwa kichwa, na atakayecheka asitegemee kadi ya harusi.