Shule Isiyo na Ugomvi

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza kazini! Shule ileile niliyomaliza juzi, ila sasa naingia chumba cha walimu bila kubisha. (Nilibisha. Mazoea.) Namsaidia mwalimu wa ushauri kwenye mpango wa kuzuia dawa za kulevya na ugomvi. Ijumaa anakuja mkaguzi wa wizara. Akiridhika, nabaki. Asiporidhika, narudi kukunja nguo na shangazi, ambaye tayari ananiita Bi. Ofisi.

Msaidizi mwingine ni Kipaza, tuliyesoma naye. Anaigiza mlevi anayeanguka, shule nzima inapiga makofi. Mimi nikisimama mbele ya watu naongea na viatu vyangu.

Jumanne, 5 Machi
Nimesoma mwongozo wa wizara. Raha! Maigizo peke yake hayatoshi. Lazima kwanza tuchunguze tatizo la shule, tuweke lengo linalopimika, kisha tuonyeshe tatizo limepungua. Kupima hakuhitaji sauti! Kipaza kwisha habari yake. Nimegawa hojaji kimya kimya.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Hakuna aliyepigana muhula huu. Hakuna aliyeona hata bangi. Mwalimu kafurahi. Nikamuuliza, sasa tutapunguza nini? Akasema, mwanangu, kanywe maji.

Hanielewi. Tatizo lisipokuwepo halipungui. Tunahitaji ugomvi mdogo. Wa heshima.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeficha mipira yote isipokuwa mmoja. Madarasa mawili, uwanja mmoja. Nikakaa dirishani, kalamu mkononi. Wakachanganyika, wakagawana timu, wakacheza. Aliyeanguka aliinuliwa na aliyemwangusha! Kisha wakaniomba niwe refa, eti naonekana mpole. Watoto hawa wana nini?

Nimemwomba Kipaza kesho tuigize ugomvi darasani, labda wataambukizwa. Kakubali haraka mno. Sijui kwa nini.

Ijumaa, 8 Machi
Tulianza vizuri. Kipaza alitakiwa aniite mzembe. Akaniita mzembe. Kisha akaongeza kwamba nikipewa darasa nitafundisha nikiwa nyuma ya pazia. Darasa likaangua kicheko. Hatukukubaliana hivyo! Ikanitoka sauti kubwa ambayo sikujua ninayo. Kifutio cha ubao nacho kikanitoka mkononi. Kipaza akainama. Mkaguzi, aliyekuwa anaingia mlangoni, hakuinama.

Wanafunzi wakatuamulia. Wakatutenganisha, wakamuuliza kila mmoja kilichomuumiza, wakatutaka tuombane radhi, yote kama mwalimu alivyowafundisha. Kipaza akalia. Nami nikalia. Mkaguzi, uso mweupe kwa chaki, akasema mpango unafanya kazi vizuri sana kwa wanafunzi. Akaniambia taratibu kwamba amani nayo hupimika, si lazima mtu aivunje kwanza.

Mwalimu kasema nabaki. Ila nitakaa dawati moja na Kipaza na kuhudhuria masomo ya kujizuia kama mwanafunzi.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetulia, nimefikiri. Kumbe sasa tuna takwimu! Ugomvi mmoja, na wizara ni shahidi. Nisipogombana muhula ujao, utakuwa umekwisha kabisa. Lakini kushuka kutoka mmoja hadi sifuri hakupendezi kwenye mchoro. Kutoka saba, hapo sawa!

Jumatatu nitaanza kwa kumkanyaga Kipaza mguu. Kwa adabu.