Nilivyoipaka Kinga Mafuta ya Maombi

Leo uso wangu umebaki pale uwanjani Kikula. Atakayeuokota asiniletee.

Niungame mapema, kabla Trésor hajawatumia video na maelezo yake ya kuongeza chumvi: ile chupa ya mafuta ya maombi, ni mimi niliyeimwaga kwenye magurudumu. Yote! Shetani hakunituma, mtu hakunituma. Ni akili yangu hii hii mnayoijua, ile iliyopata nne kwa ishirini katika fizikia. (Leo nimeelewa mwalimu aliona nini.)

Sasa tuanze mwanzo.

Mnajua leo ilikuwa siku ya ubingwa wa taifa wa baiskeli za mlimani, na safari hii wameuleta kwetu Likasi, maana vilima hapa tunavyo hadi vya kugawa. Klabu yetu ina kinga moja tu ya maana. (Baiskeli, kwa nyinyi mliohamia juzi.) Moja! Zingine zimebeba makala, yale makaa ya kupikia, mpaka zikapinda mgongo. Hiyo moja nimefanyia mazoezi miezi mitatu. Nimeiosha kuliko ninavyojiosha mwenyewe. Na jana Vieux Kabwe, kocha wetu, alinishika bega:

“Dieumerci, sikia. Umalize mizunguko yote mbili, na kinga inirudilie muzima. Ukifanya vile, inabakia kwako mwaka muzima. Ukishindwa, Jumatatu inaenda kwa Trésor.”

Trésor ni rafiki yangu, tunakaa benchi moja. Lakini leo asubuhi kafika uwanjani na kufuli jipya mkononi, na mnyororo wake.

“Ile ya nini?” nikamuuliza.

“Ya kufungia kinga.”

“Kinga gani?”

“Yangu. Ya Jumatatu.”

Rafiki gani huyo? Hata mgonjwa hupimiwa sanduku akishakufa!

Mama naye alikuja. Alikuja na ndoo yake kubwa ya buluu imejaa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi kilichochachuka vizuri, kwa sababu penye watu wengi kuna kiu nyingi. Alikuja pia na mama wawili wa kikundi chake cha maombi, wa kumsaidia kumimina na kumsaidia kuomba. Akanivuta pembeni, akatoa kwenye kitenge kichupa kilichowahi kuwa cha dawa ya kikohozi.

“Mutoto wangu. Tuliombea hii mafuta siku tatu. Tone moja tu. Pa kichwa. Unasikia? Pa ki-chwa.”

“Ndiyo, mama.”

“Kisha unaomba.”

“Ndiyo, mama.”

“Hapana kucheza-cheza.”

“Mama! Minye nicheze-cheze na mafuta ya maombi?”

(Jibu: ndiyo.)

Alipoondoka nikaenda nyuma ya lori la vipaza sauti. Kofia ngumu nilikuwa nimeshaifunga kidevuni, na ile kamba yake hufunguka siku inayotaka yenyewe. Nikafikiri. Hapo ndipo mambo yangu huharibika, ninapofikiri. Nikajiambia: tangu lini kichwa kikapanda mlima? Kinachopanda ni magurudumu! Kama tone moja linatosha kichwa, chupa nzima kwenye magurudumu si itanifikisha Lubumbashi kabla wenzangu hawajafika kona ya kwanza?

Nikapaka. Mnyororo, njiti, chuma chote cha mzunguko pande mbili, mpaka zile raba ndogo za breki zikapata fungu lao. Niliacha tandiko tu, nisije nikateleza. (Mnaona? Akili ninayo. Ila inachagua saa za kufanya kazi.)

Kinga iling’aa! Trésor akaizunguka mara mbili.

“Leo inametameta. Umeipaka nini?”

“Imani,” nikamjibu.

Tukapangwa mstarini. Watoto wa Kinshasa na miwani kama marubani. Watoto wa Kivu na mashavu ya miguu kama mikate. Mimi miguuni nina magoti, basi. Filimbi ikalia.

Kupanda, ndugu zangu, kulikuwa kutamu. Kinga ilikwenda kimya, bila ule mlio wake wa panya. Nikampita mmoja. Nikampita wa pili. Kule juu kabisa, unapoona moshi wa kiwanda cha Shituru na paa za mji mzima, nilikuwa nimewapita sita. Nikasema haleluya, na sikuwa natania. Nilisema moyoni: Dieumerci, kuanzia leo utakaa benchi ya mbele kanisani.

Kisha njia ikashuka.

Nikabana breki. Raba zikagusa chuma, zikasalimiana nacho, zikaachana kwa amani. Kinga haikupata habari yoyote. Nikabana tena, kwa mikono miwili na meno. Wapi! Mbele yangu kulikuwa na mtoto wa Lubumbashi, anashuka kwa adabu.

“Toka! Toka!” nikampigia kelele.

“Shika frein, weye!”

“Minashika!”

“Sasa juu ya nini unanipita?”

Sikupata nafasi ya kumjibu. Nilikuwa nimeshafika mbali.

Kilichoniokoa ni makala. Vieux Kabwe, kabla ya kuwa kocha, alishusha makala kwa kinga kutoka upande wa Mwadingusha miaka na miaka, magunia matatu mgongoni mwa kinga na breki hakuna. Alitufundisha mbinu yao: unarudisha mguu nyuma, unakandamiza soli juu ya mpira wa gurudumu. Siku ile tulimcheka. Leo nilikandamiza kama niko na magunia sita! Kiatu kikalia, kikatoa moshi, harufu ya raba ikanifuata kama mbwa. Lakini mwendo ukapungua, nikaingia uwanjani mzima.

Mama akaniona. Akainua kikombe juu.

“Mafuta iko nafanya kazi!”

“Amina!” wakaitika wale wawili.

Vieux Kabwe hakuitika amina. “Punguza, weye mutoto! Unakimbia nani?”

Hapo ningeweza kushuka, wapendwa. Pale uwanjani ni tambarare, ningeburuza mguu, nikasimama, nikasema ukweli, nikaenda nyumbani na heshima yangu ndogo. Nilikusudia, kweli. Lakini nikamwona Trésor. Amekaa kwenye nyasi, analifungua lile kufuli na kulifunga. Kla. Kla. Kla.

Nikaendelea.

Mzunguko wa pili wengine walianza kuchoka. Mtoto mmoja wa Kinshasa alikuwa anasukuma kinga kwa mguu, miwani mfukoni. Nikampita na nikamwambia pole. Njia ya kushuka ilipofika nikatumia mguu wa kushoto, kwa sababu kiatu cha kulia kilikuwa na dirisha. Katikati ya mteremko soli ya kushoto ikasema basi. Ikang’oka nzima, ikaenda zake majanini. Nikabaki na soksi. Na soksi haikufundishwa kazi ya makala.

Niliingia uwanjani kama jiwe lililotupwa. Yule mtu wa kipaza sauti akachanganyikiwa:

“Tazama mutoto ya Likasi! Tazama moyo! Ule haogopi kitu!”

(Niliogopa mpaka kucha.)

Nikawapita watatu kwa mpigo, mdomo wazi. Watu walidhani napiga kelele za ushindi. Nilikuwa namwita mama.

Nikakata mstari. Wa tisa! Wa tisa katika nchi nzima, na nchi hii mnajua si ndogo! Uwanja ukasimama. Nikawa shujaa kwa muda wa kupumua mara mbili. Ya tatu, watu wakagundua kwamba mimi sisimami.

Kushoto, viti vya wakubwa na suti zao. Kulia, watoto wadogo wa shule na bendera zao. Mbele, ukuta. Na kabla ya ukuta, ndoo ya buluu, kifuniko kimetolewa sasa hivi.

Niliuangalia ukuta nikaona kinga imekunjwa kama mkeka. Nikamwona Trésor na kufuli lake. Nikajiambia: mimi nikivunjika nitajiunga bure, kinga haijiungi. Nikaachia usukani, nikajirusha kwa nyuma.

Kinga ikaenda peke yake, wima, kama mtu mwenye shughuli zake. Vieux Kabwe akairukia na kuikamata kwa pembe kama mbuzi wa sherehe. Mimi nikakimbia hatua tatu nisizozitaka, soksi ikateleza, nikageuka, nikakaa.

Pwaaa!

Ndani ya ndoo. Makalio chini, magoti kidevuni, munkoyo mpaka kwapani. Nikajaribu kutoka. Ndoo ikasimama pamoja nami. Nikakaa tena.

Akaja mwamuzi, mzee mwenye daftari. Akapitisha kidole kwenye gurudumu, akakinusa, akanitazama. Nyuma yake akaja yule wa kipaza sauti, akaniwekea kile kitu mdomoni. Hakunionya kwamba kimewashwa.

“Kijana, hii ni mafuta gani?” akauliza mwamuzi.

“Ya... ya maombi,” nikasema, na spika zote nne zikasema pamoja nami.

“Ya nini?”

“Ya maombi, papa. Nilipaka pa magurudumu.” Nikanyoosha kidole kwenye breki. “Na pa frein.”

Uwanja ukaanguka kwa kicheko! Wakubwa walishika matumbo, suti zikakunjamana. Yule mtoto wa Lubumbashi alilala chini kabisa. Mama mmoja wa maombi akasema “Yesu!” na haikuwa sauti ya maombi. Mwamuzi alifungua daftari lake la sheria, akatafuta, akafuta machozi, akatafuta tena.

“Hakuna sheria yenye inakataza muntu kujiharibia frein yake mwenyewe,” akatangaza. “Wa tisa anabakia wa tisa.”

Vieux Kabwe alikuwa bado anaikagua kinga. Akazungusha gurudumu la mbele, likazunguka sawa. La nyuma, sawa. Akavuta mnyororo, akatikisa usukani. Nilishika pumzi. (Ndani ya munkoyo, si rahisi.)

“Raba za frein zimekufa, tutabadilisha,” akasema. “Lakini kinga iko muzima. Mizunguko mbili alimaliza. Inabakia kwake.” Akaniangalia miguu yangu, soksi moja na dirisha moja. “Na mbinu ya makala anaijua. Viatu tu njo hana.”

Nilitaka kuruka kwa furaha. Ndoo ikakataa.

Trésor akasogea. Akanitazama, akalitazama kufuli, kisha akalitumbukiza polepole kwenye munkoyo, kati ya magoti yangu.

“Chukua,” akasema. “Mwaka ujao tutakutana.” Alipofika hatua mbili akageuka. “Mama, kuna munkoyo ingine yenye haina muntu ndani?”

Nawaomba, kesho ni kanisani. Mtu asinitolee ushuhuda kwa niaba yangu, na asiyeweza kujizuia kucheka akae benchi ya nyuma, maana mimi ya mbele nimeiahidi na sina pa kukimbilia.

Wale mama wawili walinivuta, mmoja mkono huu, mwingine ule, mpaka ndoo ikaniachia kwa sauti ambayo sitaielezea hapa. Mama yangu hakuvuta. Alisimama anasubiri. Nilipokuwa wima, nadondoka mahindi, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa kichupa, akakiinua kwenye jua. Hakikuwa na hata tone. Akakifunga vizuri, akakirudisha kwenye kitenge chake, akanipangusa uso kwa ncha ya kile kitenge, taratibu, kama zamani nikiwa mdogo. Nikajua nimesamehewa. Ndipo akasema:

“Dieumerci, nilikuambia pa kichwa. Kinga haikukuwa mugonjwa.”