Ubao Uliokata Pembetatu Zangu

Jumatatu, 6 Juni 1955. Kaloleni, Voi.

Nimenunua sukari. Imefungwa kwa gazeti la wiki iliyopita. Sukari nimeimwaga bakulini, gazeti nimelisoma. Chama cha wapiga picha huko Nairobi kinaandaa mashindano. Wanataka picha ya mstari na umbo. Nyuso hazitakiwi. Hatimaye. Miaka minane napiga nyuso za watu wa Voi na sijaona uso uliotulia. Wanapiga chafya. Wanakumbuka mbuzi hawajafungwa. Mbao hazipigi chafya.

Kilonzo, mwenye studio karibu na stesheni, yule wa pazia lililochorwa ndege, anasema naye atapeleka yake: mkewe kabeba kuni. Nikamwambia kuni si umbo. Akaniuliza umbo ni nini. Nikamwambia angoje matokeo.

Alhamisi, 9 Juni.

Stesheni. Rundo la mataruma ya zamani ya mbao, yale yanayolazwa chini ya reli, yamepangwa safu moja kwa urefu, safu moja kwa upana. Miraba mitupu. Nikasimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, nikajifunika kitambaa cheusi. Kwenye kioo cha nyuma dunia hukaa kichwa chini, na ndivyo ninavyoipenda. Mtu huacha kuona mataruma, huona mistari. Nikasogeza lenzi mbele kidogo, nyuma kidogo, mpaka kingo za mbao zikawa kali kama wembe. Ndipo buti mbili zikatokea juu ya kioo, soli zikitazama mbinguni.

Askari wa reli. Alitaka kujua kwa nini nahesabu mataruma. Nikamweleza habari za mraba. Akasema wezi wa mwezi uliopita nao walikuwa na maelezo. Nimefukuzwa. Sahani mbili za kioo za kupigia picha zimevunjika nikikimbia.

Jumamosi, 11 Juni. Wusi.

Nimepanda mlimani na lori la mboga. Dada yangu Jedidah ameolewa huku na Mwandawiro, seremala. Shemeji anajenga paa la kanisa jipya. Kuta zimekwisha, kenchi kumi na mbili zimesimama, mabati bado. Niliingia, nikatazama juu, nikalazimika kukaa chini. Pembetatu ndani ya pembetatu, zikirudi nyuma moja baada ya nyingine, kila moja ndogo kuliko iliyo mbele yake.

Doa moja tu. Ubao mrefu wa mshazari umepigiliwa kutoka kenchi ya kwanza hadi ya nne, ukikata kila kitu. Nimepiga picha moja ukiwapo. Nikamwuliza shemeji kama ni lazima uwepo. Akasema bila ule, kenchi zile zinasimama kwa rehema za Mungu tu mpaka mabati yapigiliwe. Kisha akaenda kula. Mimi nikasema sina njaa.

Misumari mitatu kila upande. Nyundo yake ni nzuri. Picha ya pili ikawa safi. Sijawahi kuona kitu safi namna ile. Nilikuwa bado chini ya kitambaa ukungu ulipoanza kupanda na lori likapiga honi barabarani. Ubao nimeurudisha. Msumari mmoja kila upande, maana mingine ilikuwa imepinda. Nilikusudia kumwambia Mwandawiro. Alikuwa bado anakula, na si adabu kumsumbua mtu mezani.

Jumanne, 14 Juni.

Picha zote mbili nilizisafisha jana, stoo, dirisha limezibwa kwa blanketi. Leo asubuhi nimeipeleka ile ya pili posta. Saa tisa dereva wa lori akaleta habari. Jana upepo ulivuma Wusi wakati wakipandisha mabati. Kenchi nne zimeanguka. Mwandawiro alikuwa chini yake. Yu hai. Mkono wake wa kulia umekatwa hospitalini, chini ya kiwiko.

Sikula. Nimekaa mlangoni mpaka watu wakaniuliza kama naumwa. Nimejiambia upepo ni upepo. Nimeandika hapa ili nione sentensi hiyo ikikaa kwenye karatasi. Haikai vizuri.

Jumapili, 26 Juni.

Jedidah amekuja, vumbi la njia nzima miguuni. Wazee wa kanisa waliuokota ubao wakakuta tundu nyingi na msumari mmoja kila upande. Wanasema mumewe aliupigilia kwa uvivu. Wamemwondoa kazini, na jina lake limesomwa mbele ya ibada. Yeye huapa kwamba alipiga mitatu, lakini homa ikipanda huanza kujiuliza kama kweli alipiga. Jedidah akaniuliza kama sikuwa na picha ya siku ile.

Nikasema sahani iliingia mwanga.

Alinitazama. Akasema, "Anajifunza kufunga vifungo kwa mkono wa kushoto, kaka. Jana alilia kwa sababu ya kifungo."

Kisha akanifagilia chumba, kama afanyavyo kila akija tangu mama afariki. Ile picha ya kwanza ilikuwa ndani ya Biblia, mezani. Aliipangusa vumbi ile Biblia akairudisha mahali pake.

Jumatano, 20 Julai.

Nafasi ya tatu. Imo gazetini, ukurasa wa saba: picha yangu, na chini yake, Elijah wa Voi. Kilonzo alikuja mwenyewe kunipa mkono. Yake haikutajwa. Akasema hajawahi kuona mbao zikitulia hivyo. Mkono wake nimeushika muda mrefu kuliko ilivyo kawaida, akaanza kuutazama.

Nimefikiri mchana kutwa na sasa nina mpango. Nitawapelekea wazee ile picha ya kwanza. Vichwa vya misumari vinahesabika, mitatu, ndiyo faida ya lenzi iliyolengwa sawasawa. Nitasema sahani ilipona. Nitasema kuna watu wabaya waliochezea ubao baadaye. Shemeji atasafishwa jina, nami nitashukuriwa. Na ili wasinidhanie mpiga picha wa kubahatisha, nitachukua na gazeti.

Jumamosi, 23 Julai. Wusi.

Wazee watano. Mwenyekiti ni mzee Obadiah, karani ni Mable, anayefundisha watoto Jumapili. Mwandawiro alikaa ukutani, mkono wa koti umekunjwa na kubanwa kwa pini. Jedidah kando yake.

Nikaweka picha mezani. Mzee Obadiah akahesabu kwa kidole. Mitatu. Akahesabu tena. Akasimama, akamgeukia Mwandawiro, akamwomba radhi pale pale mbele yetu sote. Mwandawiro akafunika uso kwa mkono aliobaki nao.

Ningeondoka hapo. Nilikuwa nimeshashika kofia. Lakini hakuna aliyesema neno juu ya picha yenyewe, hata moja. Basi nikatoa gazeti.

Mable alilichukua akaliweka kando ya ile picha. Akatazama huku, akatazama kule. Msumeno ule ule umening'inia mahali pale pale. Kivuli kile kile juu ya tofali lile lile. Akaniuliza, kwa upole, ubao ulikwenda wapi. Nikasema mwanga hubadilika sana milimani. Akasema hakuuliza habari za mwanga.

Kisha Mwandawiro akasema, "Siku ile ulisema huna njaa."

Jedidah alimsaidia kuinuka, wakapita mbele yangu, na dada yangu alitazama njia.

Jumatatu, 25 Julai.

Barua imekuja na lori. Mwandawiro amerudishwa, atasimamia mafundi wengine kwa maneno. Mimi nisikanyage kiwanja cha kanisa, na shauri langu linapelekwa kwa chifu. Ndani ya bahasha ile ile kuna picha ya arusi ya Jedidah niliyompiga mwenyewe. Hakuandika kitu nyuma yake.

Nimelia. Kweli nimelia, mpaka jirani akabisha.

Alipokwenda nikalifungua gazeti, nitazame kitu kingine. Ndipo nikaona. Upande wa kushoto wamenikatia picha, upana wa kidole kizima. Kenchi ya kwanza haina mguu. Pembetatu zote sasa zinalala upande mmoja, na mtu asiyejua atadhani jengo linaanguka. Nimemwandikia mhariri kurasa nne. Nimemwuliza mtu anawezaje kugusa kazi ya mwenzake, akaondoa kipande, wala asimwambie.