Waya wa Chungwa na Ubatizo wa Baba Neema

Leo nimeaibika, jamani. Si ile aibu ya kuteleza kwenye barafu wakaona watu wawili. Hii ni aibu yenye kwaya mbili, pasta mmoja, na mkwe mtarajiwa aliyevaa kanzu nyeupe ya ubatizo.

Yote yalianza na mafuta.

Alhamisi, kabla sijatoka Louisville na lori la mjomba wangu Bahati, aliniambia nibadilishe mafuta ya injini. "Kule Buffalo baridi ni ya kuua. Weka 5W-40, ya sintetiki. Ile nyepesi." Nikasema ndiyo, mjomba. Nikaenda dukani Jeffersontown, nikasimama mbele ya rafu kwa heshima zote, nikisoma madumu moja baada ya jingine. Nyepesi? Dizeli ni mnyama mkubwa, anataka kitu kizito! Nikachukua 15W-40, yale ya kawaida, yanayomiminika taratibu kama asali. (Hakuna aliyenituma. Ni mimi na akili zangu.)

Ijumaa nikashusha mzigo kwenye ghala moja la Cheektowaga, pembeni mwa Buffalo. Mzigo mwingine unanisubiri Columbus kesho asubuhi. Katikati kulikuwa na Jumapili moja tu, na nilikuwa nimeitegemea Jumapili hiyo kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Kwa sababu ya Neema. Tulikutana Columbus, kwenye mkusanyiko wa kwaya. Yeye anaishi Buffalo na wazazi wake, anatunza wazee. Baba yake hajawahi kuniona. Ni dereva wa zamani, aliyepanda na kushuka milima kati ya Bukavu na Uvira, kule Kongo, miaka mingi, na kwa muda huo wote Mama Neema alikuwa akimwombea abatizwe. Hatimaye mzee amekubali. Siku yenyewe ni leo.

"Njoo siku hiyo hiyo," Neema aliniambia kwenye simu. "Akitoka majini atakuwa mpole. Hapo hapo nitakutambulisha."

Mpango mzuri. Haukuwa na kasoro hata moja isipokuwa mimi.

Lori nililiacha kwenye maegesho ya kanisa lao, mimi nikalala kwa mpiga gitaa mmoja anayekaa jirani. Saa kumi na mbili asubuhi nikaenda kulijaribu. Theluji ilikuwa imekoma. Kila kitu kilikuwa cheupe na kimya, hata pumzi yangu ilitoka ikasimama hewani kana kwamba haijui iende wapi. Nikageuza ufunguo.

"Uuuuh..." ikasema injini. "Uuu..." Kama mzee anayeamshwa aende shambani. Kisha ikanyamaza.

Nikachomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yalining'inia kwenye ncha. Nikangoja yadondoke. Hayakudondoka. (Asali, si ndiyo niliyoitaka?)

Bahati nzuri lori lina hita ya injini: unachomeka waya kwenye umeme, injini inapata joto, mafuta yanalainika, unawasha. Nilikuwa na waya mrefu wa rangi ya chungwa. Ilibaki kupata umeme. Mlango wa pembeni wa kanisa ulikuwa wazi, na ndani, ukutani, palikuwa na soketi moja. Tayari ilikuwa na waya mweusi, unaokwenda kupotelea chini ya pazia la bluu kule mbele.

Nikafikiri sana. Nikasema, huu ni waya wa ampli ya gitaa. Na nani anapiga gitaa saa kumi na mbili asubuhi?

Nikauchomoa. Nikachomeka wangu. Mlango haukufungika vizuri juu ya waya, nikasukumia zulia pale chini. Nikaenda kupiga pasi suti.

Saa tano ibada ikaanza. Nilikaa mstari wa mbele, Mama Neema upande wa kulia, koti langu likinukia sabuni. Gitaa likalia vizuri kabisa. Nikajisemea: unaona? Ule waya hata haukuwa na kazi.

"Kuna baridi inapita wapi hapa?" mama mmoja nyuma yangu alilalamika, akijifunga kitenge cha pili. Nikaimba kwa sauti zaidi.

Kisha shemasi Elias akavuta pazia la bluu.

Nyuma yake hapakuwa na ampli. Palikuwa na kisima cha ubatizo, pipa pana la plastiki ambalo shemasi alikuwa amelijaza kwa bomba alfajiri. Na ule waya mweusi ulikuwa umeingia ndani ya maji, kwenye hita ya kuyapasha moto.

Pasta akatangulia. Akapandisha kanzu, akaingia hadi kiunoni, mikono juu. "Katika jina la..." Sauti yake ikapanda ghafla kuliko ya soprano wote wa kwaya. "...YESUUU!"

Watu wakaitika, "Ameeen!" Walidhani ni upako.

Baba Neema akaweka mguu mmoja. Akautoa. Akamtazama pasta, ambaye midomo yake ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

"Pasta, hii maji ni ya Yordani ao ni ya frigo?"

"Baba, vu-vumilia..."

"Nivumilie nini? Donc miaka yote hii mlikuwa mnaniombea ili mnigandishe?" Akaanza kuvua mkanda wa kanzu. "Bon. Mimi narudi nyumbani."

Mama Neema akashika kichwa. Shemasi akapiga magoti, akagusa hita ya maji: baridi. Akafuata waya mweusi hadi ukutani, akakuta plagi yake sakafuni. Na ndani ya soketi akakuta waya wa chungwa.

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye soksi.

"Tuone huu unaenda wapi," akasema shemasi, akauinua kama anainua kamba ya mbuzi aliyepotea. Akapita mlango wa pembeni. Kwaya ya kina mama ikamfuata. Kwaya ya vijana ikafuata, simu juu, wanapiga video. Baba Neema naye akafuata, kanzu nyeupe, mabuti ya theluji, koti la mke wake mabegani. Wote kwenye theluji, mstari mmoja, nyuma ya waya.

"Mama, it's a truck!" akapiga kelele mtoto mmoja.

Ndiyo. Waya uliingia puani mwa lori langu. Theluji ya juu ya boneti ilikuwa imeyeyuka. Baba Neema akaweka kiganja pale.

"Moto," akasema. "Hii lori imeoga maji moto. Mimi nimepewa barafu. Ya nani?"

Nikainua mkono. (Nilitamani hata huo mkono uwe wa mtu mwingine.)

Akanitazama kutoka viatu hadi kichwa, kisha akamtazama Neema, ambaye alikuwa amejificha nyuma ya kitabu cha nyimbo. Mzee akaelewa yote.

"Ni wewe njo kijana wa Louisville?"

"Ndiyo, baba."

"Uliweka mafuta gani mu motere?"

"15W-40, baba."

Akafumba macho. "Hiyo ni mafuta ya Uvira, mutoto! Kwa joto ya Uvira ni muzuri. Huku inageuka foufou, ugali kabisa." Akanyoosha kidole mlangoni. "Panda. Washa. Kama haiwake, basi umenigandisha bure, na binti yangu umusahau."

Nikapanda. Nikaingiza ufunguo.

"Ngoja ile taa ndogo ya kupasha motere izime kwanza!" akanifokea kupitia kioo.

Nikangoja. Taa ikazima. Nikageuza ufunguo.

Ikawaka! Mara moja, ngurumo moja nzito, moshi ukapanda mweupe kwenye jua. "Haleluya!" zikapaza sauti kwaya zote mbili. Nilitazama chini nikamwona mzee ameshika mbavu, anacheka mpaka koti la mke wake likaanguka.

Kina mama walikuwa tayari na masufuria ya maji yanayochemka kwa ajili ya chakula. Wakayamwaga yote kisimani, shemasi akarudisha hita yake (soketi akailinda mwenyewe), na baada ya muda mfupi Baba Neema akaingia majini, akazama, akainuka. Mama Neema alilia hadi kilemba kikalegea. Hata mimi nililia, kwa sababu zangu.

Wakati wa kula mzee alinikalisha karibu naye.

"Kijana anayeamuka asubuhi na baridi ile kupasha motere hawezi kuwa muvivu," akasema. "Lakini kichwa yako bado inahitaji kazi. Mwambie mjomba wako aje tuongee."

Naandika haya kituo cha kwanza baada ya Buffalo, injini inanguruma, niko njiani kwenda Columbus. Funzo: katika nyumba ya Mungu, usichomoe waya usiojua mwisho wake.

Video nimeshaiona, imefika hadi Reynoldsburg, kule Columbus. Chekeni tu. Mimi naoa.