Kumtembeza Shangazi Mvuani

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku ya tatu. Mji mzima umelowa kama tambara la deki. Mimi mkavu, kwa sababu sijatoka kitandani.

Saa nne dada akaita kikao cha dharura sebuleni. Shangazi wa yule kijana anayemposa mpwa wangu anaingia leo, anakaa hadi Ijumaa. Anakuja kutukagua. Akituridhia, harusi. Akikunja uso, posa inarudi ilikotoka. Kwenye ukoo wao neno lake ndilo muhuri.

Bwana Funguo, mdogo wake shemeji, akajitolea kumtembeza. Tunamwita hivyo kwa kuwa huzungusha funguo za gari kidoleni hata akienda msalani. Saa nane taarifa ikafika: gari limekunywa maji chini ya daraja, limevutwa na trekta. Nilihuzunika sana, kwa dakika nzima.

Nikasimama. Nikatangaza kwamba mji huu una burudani thelathini za bure za siku ya mvua, nazijua zote, nyingine nilizianzisha mwenyewe. Dada akauliza kama hakuna mtu mwingine. Akauliza tena. Hakuna!

Mpwa wangu akanifuata koridoni, machozi yanamlenga. Mjomba, nakuomba, mtembeze, ila usiongee. Ana utani mtoto huyu!

Jumanne, 8 Aprili

Makumbusho. Jumanne hawatozi kiingilio. Mwavuli mmoja tu, nikamwachia Shangazi nusu nzima.

Mama mnene, mpole, hana maneno. Anatazama tu. Kumwacha mgeni kimya ni kukosa adabu, kwa hiyo nikaanza kufafanua vitu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini la saba la enzi zetu ni chuo kikuu cha leo. Wageni wengine sita wakaacha mabango wakanifuata mimi. Nikawafikisha kwenye ngoma nyekundu ya vita, iliyojazwa mchanga wa uwanja wa mapambano, mchanga ambao babu yangu mzaa mama aliuchota kwa mikono yake akiwa na mshale mgongoni. Bibi mmoja alifuta machozi. Wawili walipiga picha.

Ndipo mlinzi akaja kuuliza kwa nini tumezunguka ndoo ya kuzimia moto.

Nikamwambia vijana wa siku hizi hawajui historia. Ana miaka sitini, lakini hoja ni ile ile.

Jioni Shangazi akataja, kama mtu anayeomba chumvi, kwamba alifundisha historia miaka thelathini na moja. Safi sana! Wasomi wawili chini ya paa moja.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua ya kukata na shoka. Leo duka la fanicha, orofa tatu, mazulia mpaka kwenye ngazi. Hakuna sheria duniani inayomtoza mtu kwa kukaa. Tulijaribu makochi kumi na moja. Shangazi akapata kiti cha kubembea, akafumba macho. Nilimwona akitabasamu! Mimi nikapima kitanda. Kupima kitanda kitaalamu kunahitaji dakika arobaini, viatu vikiwa chini.

Nikaamshwa na meneja. Eti mkoromo wangu umewakimbiza maharusi watarajiwa wawili. Nikamwuliza kwa upole kama anajua anaongea na mwenye hoteli ya vyumba themanini. Uso wake ukageuka papo hapo! Tukaletewa chai na biskuti. Bure! Akataka anwani, atume kitanda cha mfano tukakijaribu kwa wiki moja. Nikampa ya Bwana Funguo. Mtu asiye na gari ana nafasi nyingi uani.

Shangazi akanitazama muda mrefu sana. Niliona haya kwa heshima ile.

Alhamisi, 10 Aprili

Bwana Funguo amepiga simu asubuhi, anafoka. Kitanda cha futi sita kwa sita kimekwama mlangoni kwake. Mkewe yuko ndani, yeye yuko nje, mvua inamnyeshea. Nikamshauri aache kelele, kuna mgeni.

Leo mahakama. Mabenchi, paa, visa vya kweli, na mlango wazi kwa wananchi wote. Kesi yenyewe tamu: majirani wawili wanagombania mfereji wa bati wa mmoja unaomwaga maji ukutani kwa mwenzake. Nilijizuia robo saa. Mashahidi waongo wote! Mwishowe nikasema, kwa sauti ya kunong'ona, kwamba kosa ni la fundi aliyeukunja vibaya. Hakimu akauliza nani anaongea. Nikasimama, nikamweleza kuwa nimewahi kufunga mifereji ya ikulu tatu, mbili zikiwa za ng'ambo. Akaniuliza zipi. Nikamwambia ni siri za nchi.

Nimekaa nje na askari mpaka saa tisa. Mtu msikivu sana, hakuwa na pa kwenda. Shangazi alibaki ndani hadi mwisho. Alipotoka akasema tu: Mjomba, nimefaidi.

Ijumaa, 11 Aprili

Kikao kikubwa. Bwana Funguo alikuja na mafua na akamwaga yote aliyoyaokota mjini: ndoo, mkoromo, hoteli, askari. Akaapa mimi si mfano wa familia. Dada ameinamisha kichwa. Mpwa wangu amejifunika uso kwa mtandio. Nilitaka kufafanua, shemeji akanikanyaga mguu.

Shangazi akakohoa. Akasema siku ya kwanza alidhani anatembezwa ili achoke, asipate nafasi ya kutukagua. Kisha akawa ananitazama kila tunaporudi. Huyu bwana, akasema, anaingia na matope na uongo, dada yake anampakulia chakula, shemeji anamwitikia salamu, na binti anamkaushia viatu karibu na jiko. Hakuna aliyemfukuza! Binti aliyelelewa kwenye subira ya namna hii, kijana wetu hawezi kumshinda. Tumeridhia.

Vigelegele! Dada alilia mpaka akashikwa na kwikwi. Nami nililia. Si kila siku mtu anaozesha mpwa wake peke yake.

Jumamosi, 12 Aprili

Bado inanyesha. Dada ametoa sharti moja la harusi: nisishike kipaza sauti. Naelewa, wanalihurumia koo langu.

Nimetafakari sana. Kipaji kama hiki hakifai kukaa nyumba moja. Fundi cherehani wa jirani ana binti, na wakwe watarajiwa wanafika Jumatatu, watu wanane. Nimemwendea nikamweleza kuwa nitawatembeza mimi. Akafunga dirisha. Mvua ilikuwa inamwingilia, maskini.

Basi nitawapokea mwenyewe kituoni, kabla hajawafikia. Nimeshachagua pa kuanzia: hospitali kuu, saa za kutazama wagonjwa. Viti vipo, paa lipo, hawatozi kitu. Na wagonjwa hawawezi kuondoka ninaposimulia.