Vita vya Ndoo ya Rangi

Zimeni redio zenu, enyi watu wa Makole, nanyi mliopanga madumu foleni mkingoja zamu ya maji, ketini juu ya madumu hayo mkasikilize. Kwa maana mambo yatakayosimuliwa hapa ni makuu, nayo yalitendeka yote ndani ya ndoo ya rangi.

Alikuwapo Evarista mke wa Ernest, bingwa wa jembe, mwanamke ambaye mbuzi wa mtaa mzima walimpisha njia. Nyuma ya bafu lake ulisimama mgomba ulionyweshwa maji ya kuogea tangu wanawe wangali wakitambaa. Siku mafundi walipokuja kujenga ukuta, mgomba ule ulihukumiwa kifo. Ndipo Evarista aliposhuka katika shimo la msingi, panga mkononi, akalitenga na mama yake chipukizi pekee lililosalia, lenye majani membamba mithili ya sime. Akayapunguza majani yale ili yasilichoshe, akalipanda katika ndoo aliyoitoboa kitako kwa msumari wa moto, akaliweka kivulini.

Habari zikafika Mpwapwa kwa wifi yake Dorothea, mke wa kaka yake, mzaliwa wa Bukoba, naye akapiga simu akanena kwa sauti ya mwenye nchi:

"Wifi, wewe lima zabibu na uwele. Mgomba una wenyewe. Nitakuja Jumapili ya ubatizo wa mtoto wa ukoo wetu. Nikiukuta hai, nitakiri mbele ya ndugu wote kwamba nimekosa."

"Njoo, wifi, na maungamo yako yakiwa yameiva," akajibu Evarista. "Ukiukuta umekufa, sitatia tena neno juu ya ndizi zako, hata ukizipika zikawa gundi."

Basi vita vikaanza. Jua, sultani katili wa nyanda zile kavu, lilituma mishale yake. Evarista akalikinga kwa gunia. Kuku walileta jeshi. Akawatawanya kwa kandambili moja. Maji alitoa kwa kipimo cha kikombe, maana alijua kwamba chipukizi lisilo na mizizi halina kinywa cha kunywea. Lakini adui aliyelizidi jua kwa ukatili alikuwa tayari ameingia ngomeni bila kubisha hodi, naye jina lake ni Huruma.

Asubuhi moja, ubatizo ukiwa umekaribia, harufu ya tope lililooza ikapanda kutoka ndooni. Evarista akainamisha ndoo. Maji yakamwagika miguuni pake. Akapapasa kitako: matundu yote yalikuwa yamezibwa.

"Ernest!" akanguruma. "Umenijengea bwawa la Mtera barazani?"

Ernest akatoka, kofia kichwani, akajibu kwa fahari ya mwashi wa kasri: "Mke wangu, mimi niliyesukuma mkokoteni wa madumu tangu ujana, nione ndoo inavuja nipite? Nikayeyusha kifuniko cha dumu, nikaziba. Sasa halitoki hata tone!"

"Nimetoboa mimi!"

"Wewe? Ndoo nzima? Nami nimeshinda nikimlaani kibaka!"

Kutoka ng'ambo ya ua, jirani yao Mwamvua akaungama bila kuulizwa: "Shoga, usimwonee shemeji peke yake. Nami nilikuwa nikilimiminia yaliyobaki kwenye birika kila nimalizapo kutawadha. Lilinyong'onyea kama yatima, roho ikaniuma."

Evarista hakulia, maana majemadari hawalii. Alilichomoa chipukizi, akakata sehemu iliyooza hadi akaufikia mwili mweupe, akapaka jivu, akakiacha kidonda kikauke, akalipanda upya katika udongo mkavu uliochanganywa na mchanga. Ernest mwenyewe, kwa toba, ndiye aliyeushika msumari wa moto kwa koleo na kuyazibua matundu aliyoyaziba. Kisha yeye na Mwamvua wakaapa mbele ya ndoo kwamba hawatahurumia tena.

Jumapili ikafika, na Dorothea pamoja nayo, glasi ya maji mkononi, ukoo mzima nyuma yake.

"Wifi," akacheka, "hiki ni mgomba au ni mpini wa jembe?"

Evarista akaelekeza kidole. Katikati ya kisiki kile, la kijani kibichi, limesokotwa kama mkeka mpya, lilichomoza jani changa lisilozidi kidole cha mwisho cha mtoto.

Kicheko cha Dorothea kikakatika. Akainama, uso ukamlainika. "Maskini wee," akanong'ona, "kanavyoonekana kana kiu!" Na mzaliwa wa nchi ya migomba, ambako mvua hunyesha bila kuombwa na hakuna apandaye mgomba ndooni, akaiinamisha glasi.

"Shemeji, utaliua!" akapaza sauti Ernest, akaruka kama simba aliyeokoka, akaivua kofia na kuikinga juu ya ndoo, akayapokea maji yote hata tone lisipite.

Dorothea akaitazama glasi tupu, akaitazama kofia, kisha akawageukia ndugu.

"Nimekosa," akasema. "Mara mbili."

Hivyo ndivyo ilivyookoka ngome ya Makole. Kofia ya Ernest ilitundikwa ukutani kama bendera ya ushindi, ikichuruzika. Naye Evarista, kabla hajapokea pongezi hata moja, akaisogeza ndoo mbali na matone yake.