Presha Yangu na Mstari Wao

Jumatano, 1 Aprili

Nimerudishwa! Nilikuwa nimeshavalishwa lile gauni la hospitali linaloacha mgongo wazi, nimeshalala kitandani, jicho la kulia limeshatiwa matone, tayari kutolewa mtoto wa jicho. Muuguzi akanifunga mkono, mashine ikavuma, kisha akanitazama kana kwamba nimeiba kitu. 178 juu ya 104. Daktari wa macho akasema hagusi jicho la mtu mwenye presha hiyo. Nikaishushe kwanza, ndipo nirudi.

Mimi! Miaka thelathini na nne natengeneza fasikh hapa Damanhur, samaki wa kuvundikwa kwa chumvi, mji mzima unanijua, sijawahi kulazwa hata siku moja.

Wakanipeleka kwa Daktari Nermin wa zahanati ya mtaani kwetu. Binti mdogo, miwani mikubwa, upole wa kukera. Akasema presha hii ni ya kutibiwa leo: kidonge kimoja kila siku, na pia chumvi ipungue, tumbo lipungue, nitembee. Nikamkumbusha kwamba miaka mitano nyuma nilipimwa 138 nikaambiwa niko salama. Akasema siku hizi wataalamu wengi wanaanza kuhesabu kwenye 130. Nikamuuliza nani kausogeza mstari? Mimi nilikuwa nimekaa dukani kwangu, sikusogea hata hatua. Mstari ndio ulionifuata! Akacheka. Akasema, "Hata kwa mstari wa zamani, Haji Mutawalli, wewe ulishaupita mbali."

Karatasi ya dawa nimeitia ndani ya kiatu, chini ya kisigino. Ndipo mahali pake. Kidonge ukikianza hukiachi hadi kaburini. Nitaishusha mwenyewe. Ole wake atakayenizuia.

Alhamisi, 2 Aprili

Mpango wa kwanza: karkade, kinywaji chekundu cha maua ya rosela. Kila mtu anajua karkade baridi inashusha presha. Sasa kama glasi moja inashusha kidogo, glasi kumi na moja je?

Zinashusha suruali. Siku nzima nimekuwa mtu wa chooni. Wateja wanagonga meza, mimi napiga kelele kutoka nyuma kwamba nakuja. Mmoja aliondoka. Wawili walijihudumia.

Jioni nikaenda kupimwa duka la dawa. 171. Nikamwambia mwenye duka aone, bila kidonge! Akasema 171 si kitu cha kujivunia. Tukabishana kama nusu saa. Nikamlazimisha apime tena ili nimwoneshe. 184. Mashine yake ni mbovu.

Ijumaa, 3 Aprili

Baada ya swala shemeji yangu Rifaat alikuja kula kwetu, bila kualikwa, kama kawaida. Ni kaka wa mke wangu. Alikuwa mkata tiketi wa reli. Sasa amestaafu na kazi yake ni kunisahihisha. Ana presha miaka sita, na anaizungumzia kama mtu mwenye shahada.

Inshirah, mke wangu, alikuwa amemweleza kila kitu. Rifaat akatoa pakiti yake ya vidonge, akameza kimoja mbele yangu polepole, kama mtu anayeonesha kiinimacho. Kisha akala fasikh wawili wazima, vitunguu, mikate minne, akaramba vidole. Nikamuuliza daktari wake anasemaje kuhusu chumvi hiyo. Akasema, "Shemeji, kidonge kipo kazini. Kwa nini nikisaidie?"

Nikamwambia yeye ni mtumwa wa pakiti. Akasema mimi ni mjinga mwenye ndevu. Basi tukawekeana shindano. Alhamisi ijayo tunapimwa wote wawili kwa Daktari Nermin. Yeye na vidonge vyake, mimi na nguvu ya nia yangu. Mwenye presha kubwa atasimama mkahawani mbele ya watu na kutangaza kwamba mwenzake ndiye mwenye akili.

Inshirah akasema tungepimwa akili na siyo presha. Nimempuuza.

Jumamosi, 4 Aprili

Chumvi imekatwa. Maharage ya asubuhi yalikuwa na ladha ya kadibodi iliyonyeshewa. Nilikula kwa heshima, machozi yakinilenga.

Lakini kuna tatizo la kazi. Fasikh lazima aonjwe. Mtu akinunua kwangu ananunua ulimi wangu! Nikaamua kuonja na kutema. Nilionja mara ishirini. Nilitema mara kumi na tatu. Hizo nyingine ziliteleza.

Kutembea pia. Nilifuata mfereji wa Mahmudiya hadi kwa mpinzani wangu Shaaban, ambaye ameandika kwenye bango jipya "Fasikh Bora wa Beheira Yote". Mkoa mzima! Nikarudi kwa mwendo wa kasi sana. Nadhani hiyo ni faida mara mbili.

Kipimo: 176.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo siandiki kwa furaha.

Mpango ulikuwa utulivu. Niliamua kutokasirika hadi Alhamisi. Nilifumba macho, nikavuta pumzi kwa pua, nikawajibu wateja kwa kunong'ona. Mzee mmoja akamuuliza Inshirah kama nimefiwa.

Mchana akaja Abla Sanaa, mwalimu wa shule ya jirani, ana watoto watatu. Akataka samaki wawili wa sikukuu. Nikamchagulia mwenyewe. Nikamgeuza samaki wa kwanza kwenye mwanga, nikamsifu: tumbo jeupe, nyama ya waridi. Nilikuwa nimeshamfunga kwenye karatasi Inshirah alipompokonya mikononi mwa Abla. Akamfungua. Akanusa. Akanionesha tumbo. Mimi nikaona weupe. Abla Sanaa akarudi nyuma hatua mbili, mkono puani.

Kumbe tumbo lilikuwa la kijani. Samaki kama huyo hamwumizi mtu tumbo tu, anamzika.

Inshirah akamtupa, akamwomba radhi Abla kwa niaba yangu, akampa wengine. Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Akachukua kisu changu juu ya meza akakifungia kwenye mfuko wa aproni yake. Akasema, "Baba Sausan, mpaka jicho lako lipone, wewe unapokea pesa. Samaki ni wangu."

Nilikwenda nyuma nikahesabu mapipa ya samaki. Yako saba. Nikayahesabu tena.

Nikamwambia kosa ni la taa. Nikamwambia kosa ni la daktari aliyenirudisha hospitali. Akasema daktari hakukunja karatasi ya dawa akaikanyaga siku sita. Kumbe alishaiona! Mke anayekagua viatu vya mume!

Jumanne, 7 Aprili

Kichwa kinauma nyuma. Kipimo 180. Shindano ni keshokutwa.

Nimefikiri sana. Mimi nimekataa kidonge *changu*. Hilo ni jambo la msimamo na sitalivunja. Lakini hakuna mahali nilipoapa kuhusu kidonge cha mtu mwingine.

Nilikwenda kumsalimia Rifaat. Alipoingia jikoni kuchemsha chai, pakiti yake ilikuwa juu ya redio. Nilitaka kuchukua kimoja. Halafu nikaona kikipungua kimoja atajua, kwa kuwa kila jioni huvihesabu. Pakiti nzima ikipotea atadhani ameisahau mahali. Nikaitia mfukoni. Chai ilikuwa nzuri.

Nilimeza kimoja njiani.

Jumatano, 8 Aprili

Viwili. Sihisi kitu. Kumbe vidonge vyenyewe ni unga tu, kama nilivyosema siku zote!

Alhamisi, 9 Aprili

Vitatu, saa moja kabla ya kupimwa, kwa uhakika.

Kufika zahanati niliona mlango wa Daktari Nermin umekuwa miwili. Nikachagua wa kushoto. Ulikuwa ukuta. Naambiwa nilianguka taratibu, kama gunia, na kwamba Rifaat ndiye aliyenidaka kichwa kisigonge sakafu. Hilo nitamshukuru nikipata nafasi.

Nilizinduka miguu ikiwa juu ya kiti, sindano ya maji mkononi. 84 juu ya 50. Nilikuwa sijaweza kukaa lakini nilinyoosha kidole nikasema, "Nimeshinda."

Kisha wakampima Rifaat. 182! Akageuka rangi. Akasema haiwezekani, labda ni hizi siku mbili, pakiti yake imepotea nyumbani na duka halijamletea nyingine. Na hapo Inshirah, akinivua koti nipumue vizuri, akaitoa mfukoni mwangu.

Nilijaribu kuzimia tena lakini haikuwezekana.

Rifaat hakunitukana. Alikaa kitini akashika paji la uso. Akasema, "Shemeji, baba yetu alikatika kauli kwa presha, akaishi miaka miwili bila kuweza kutaja jina la mtoto wake yeyote. Ulitaka nini?" Inshirah akageukia dirishani.

Daktari Nermin, upole umemtoka wote, alituambia kwamba amewahi kuona wagonjwa wabishi, lakini hajawahi kuona wawili waliogawana upumbavu nusu kwa nusu. Mmoja anameza bila kuacha kitu, mwingine anaacha vitu bila kumeza, tena hata hivyo haviachi. Akasema wako watu, wale waliopita mstari kidogo tu, ambao huanza na mwendo na chakula na kungoja. Kuhusu hao naweza kubishana naye nipendavyo. Mimi na Rifaat siyo hao. Sisi ni vyote viwili: kidonge na sahani.

Amenipangia cha kwangu. Kidogo, cha manjano. Inshirah ananiwekea ulimini kila asubuhi na kunifungulia kinywa akague, kama punda anayenunuliwa sokoni.

Na bado nasema: 84 ni ndogo kuliko 182.

Jumatatu, 13 Aprili

Sham el-Nessim, sikukuu ambayo Misri nzima inakula fasikh. Foleni ilifika kwenye mfereji. Inshirah alikata, akanusa, akafunga, akazungumza na watu watano kwa wakati mmoja. Mimi nilipokea pesa na kurudisha chenji. Abla Sanaa alirudi. Nilidhani hatarudi kamwe. Akamwambia Inshirah ananunua kwake kwa sababu amemwona akitupa samaki mbele ya mteja.

Tumekula ufukweni mwa mfereji na Rifaat. Yeye mayai na saladi, mimi mayai na saladi. Tulitazama wengine wakila fasikh, kama wajane wawili. Tumeshatembea pamoja siku tatu mfululizo. Anatembea polepole mno.

Jumatatu, 20 Aprili

134 juu ya 82. Daktari wa macho akasema sawa. Jicho la kulia limefanyiwa upasuaji. Halikuuma. Nilimwambia hivyo mara nyingi hadi akaniomba ninyamaze.

Jumanne, 21 Aprili

Bandeji imetolewa.

Sikujua ukuta wetu ni wa samawati. Nilidhani ni wa kijivu tangu mwaka juzi. Nimeona vumbi, nzi, herufi ndogo kwenye pakiti. Nimemwona Inshirah. Ana mvi nyingi upande wa kushoto, na vidole vyake vimepasuka kwa chumvi, vyote kumi, mipasuko mirefu. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu zamani. Nikamtafutia mafuta ya nazi nikampaka mwenyewe. Akanitazama kwa wasiwasi, akauliza nimevunja nini tena.

Amenirudishia kisu.

Jumatano, 29 Aprili

Siku kuu! Daktari Nermin amenipima mara mbili kwa sababu sikuamini ya kwanza. 124 juu ya 78. Chini ya mstari wa zamani, chini ya mstari mpya, chini ya mstari wowote watakaouchora wataalamu wao kwenye mikutano yao! Akanipongeza. Akasema niendelee hivyo hivyo. Nikaitikia kwa kichwa.

Rifaat alikuwa 136 na amepungua kilo tatu, maskini, bado anajitahidi. Nilimweleza njiani, kwa upole, tofauti yetu ni nini. Yeye ni mgonjwa anayetibiwa. Mimi nilikuwa mgonjwa, nikapona. Nambari zimesema. Sasa mtu mwenye 124 anatibiwa nini? Unampa dawa ya homa mtu asiye na homa? Alisimama njiani akanitazama, akaenda kukaa kwenye benchi.

Kidonge cha leo nilikificha kwenye shavu hadi Inshirah alipogeuka, nikakitema. Kesho nitaanza kuwashauri watu dukani, bure, maana ujuzi huu si wa kukaa nao peke yangu. Na kwa kuwa sina presha tena, nimejipasulia samaki mmoja mdogo kwa kisu changu. Tumbo jeupe, nyama ya waridi. Sasa naona vizuri kabisa. Wa pili alikuwa mkubwa kidogo.